Kanga moja kwa siku, mpaka nyumba ya Bi Hasina iishe

Asubuhi ya Ngamiani imeshachangamka. Baiskeli zinapita zikigonga kengele, mkaanga mihogo wa kona ameshaweka karai motoni, na Mwamvua Mhina anahangaika na kufuli lenye kutu kwenye mlango wa nyumba isiyo yake. Likikubali, anavua kandambili, anapiga hodi, kisha anaingia ingawa anajua hakuna wa kumkaribisha.

Nyumba nzima ni tupu, kasoro chumba kimoja cha nyuma. Mwamvua anatandika kanga yake sakafuni, anaketi kando, anaanza kutoa vitu kwenye meza ndogo iliyokuwa ubavuni mwa kitanda. Vinatoka vifungo, chaki ya fundi cherehani, mkasi usiokata tena, chupa ya marashi iliyobaki harufu tu. Kila kitu anakiweka juu ya kanga. Kanga ikijaa, kazi ya siku imekwisha, hata kama jua bado liko juu.

Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Anawapunguzia watu vitu majumbani, kidogo kidogo, kanga moja kwa siku. Lakini katika nyumba hii halipwi, na mwenye nyumba, Bi Hasina, yuko kaburini tangu masika. Anachokitafuta hapa ni radhi. Aliahidiwa kwamba ataipata siku nyumba ikiisha, na aliyemwahidi akafa nyumba haijaisha.

Jumamosi watoto wa marehemu wanakabidhi ufunguo kwa mnunuzi, naye ameshasema kuta zote zinashuka ajenge fremu za maduka.

"Nikichelewa itaishia kwenye nyundo," anasema Mwamvua bila kuinua macho. "Na mie sikuambiwa iishe kwa nyundo."

Ana miaka hamsini na moja. Alizaliwa upande wa Muheza, akaja Tanga mjini kwa ndoa, ndoa ikamshinda, mji haukumshinda. Kwa miaka mingi alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, mpaka mabega yakaanza kumsema.

Kazi hii ilimjia bila kuitafuta. Jirani yake mmoja alitoka eda, akawa anatakiwa azitoe sadaka nguo za marehemu mumewe. Kila akishika shati anakaa chini analia, na nguo zinabaki pale pale. Ndugu wakaanza kununa. Mwamvua akavua kanga ya mabegani, akaitandika, akamwambia mjane wajaze ile tu, kesho ni siku nyingine. Kesho yake wakajaza tena. Mpaka mwezi unaandama, kabati lilikuwa tupu na mjane alikuwa anakula vizuri.

Habari ikaenda mdomo kwa mdomo, kwa sababu nyumba za Ngamiani zimejaa. Watu wanatunza makopo ya maziwa ya unga, redio zilizokufa zamani, sahani za harusi ambazo hazijaonja wali, magodoro ya wajukuu ambao sasa wana watoto wao. Ukiuliza, unaambiwa kitakuja kufaa. Kinakaa miaka kinangoja kufaa, na mwenyewe analala ukingoni mwa kitanda kwa sababu nusu ya kitanda ni ya mabegi.

Kwa kanga moja Mwamvua hulipwa shilingi elfu tano. Mwezi mzuri hufikisha laki moja na nusu, mwezi mbaya hurudi kwenye mashuka. Ana sharti moja tu, na wateja wake wote wanalijua. Hakuna kitu kinachotoka mlangoni kabla mwenyewe hajakishika kwa mkono wake na kusema kiende wapi. Akikishika akanyamaza, kinarudi kabatini.

Sharti hilo alilivunja siku moja tu, na alilivunja katika nyumba hii.

Bi Hasina alikuwa mjane wa fundi wa kanzu. Mumewe alipokufa aliacha cherehani mbili na vitambaa vyeupe vya kutosha kuvisha madrasa nzima. Vilijaa sandukuni, vikajaa chini ya kitanda, vikafika mpaka jikoni. Mama huyo alijikwaa mara mbili, ya pili akaumia nyonga, na hapo ndipo binti yake Nasma, anayeishi Dar es Salaam, alipomtafuta Mwamvua.

Walielewana upesi, mgonjwa na mpunguzaji. Mwamvua akiingia anatoa shikamoo, Bi Hasina anajibu marahaba na kumwekea kahawa. Wakitandika kanga, bibi anasimulia kila kitambaa kilikuwa cha harusi ya nani. Kazi ilikwenda polepole na hakuna aliyelalamika, isipokuwa Nasma kwenye simu.

Siku ya balaa Nasma mwenyewe alikuwa amekuja. Likizo yake ilikuwa inaisha, alikuwa na tiketi ya basi la kesho yake, na alitaka aondoke chumba kikiwa kimekwisha. Bi Hasina alikuwa amepelekwa kliniki kupima presha. Nasma akamwomba Mwamvua waufanye mzigo wote kwa mara moja, mama akirudi akute nafasi, afurahi. Mwamvua anakiri kwamba alisita, kisha akakubali. Hawakutandika kanga. Walitandika turubai.

Vitambaa vyeupe vyote vikafungwa robota, vikapelekwa msikitini kama sadaka ya marehemu fundi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila juu ya robota lile kulikuwa na kitambaa kimoja kisichokuwa cha kanzu.

Kilikuwa sanda ya Bi Hasina. Yeye na mumewe walizinunua mbili Makka, mwaka walioenda hija, wakazitia maji ya zamzam, wakarudi nazo. Mzee alizikwa na yake. Ya bibi ilikuwa inangoja. Kila mwaka aliitoa kwenye mfuko wake, akaianika, akaifukiza udi, na wiki ile alikuwa ametoka kuifukiza. Badala ya kuirudisha mfukoni aliikunja akaiweka juu ya vitambaa vya mumewe, apumzike kwanza.

"Nilinusa udi," anasema Mwamvua. "Lakini nyumba yote hii ilinuka udi. Angekuwepo angekishika, angesema hiki rudisha. Ndiyo maana ya sharti langu. Nililiweka mie, nikalivunja mie."

Bi Hasina alirudi kutoka kliniki akafurahia nafasi, akasifu, akanywa chai. Sanda hakuiulizia mpaka siku kadhaa baadaye. Mwamvua alitoka mbio mpaka msikitini huku kanga ikimdondoka, akaambiwa kitambaa kizuri kile cheupe walikikata juzi. Alifariki kibarua mmoja wa mashamba ya mkonge upande wa Pongwe, mtu mzima asiye na ndugu, aliyejulikana kwa jina la Rama na hakuna zaidi. Hakuwa na sanda. Wakamtafutia, wakaipata.

Kilichoingia kaburini hakidaiwi. Mwamvua alirudi akayasema yote mbele ya bibi, amepiga magoti. Bi Hasina alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

Kesho yake Mwamvua alikuja kama kawaida, akatoa shikamoo. Haikujibiwa. Siku iliyofuata pia. Kwa mtu aliyelelewa pwani hakuna kofi linalouma kuliko hilo, salamu ya heshima kuachwa hewani na mtu anayekuona. Nasma alijitolea kununua sanda nyingine, na kaka yake Sele akapata msafiri wa umra wa kuiagiza. Bi Hasina alikataa zote mbili. Alisema ile ilikuwa na mwenzake, na mwenzake yuko chini ya udongo.

Mwamvua akakataa malipo, lakini hakuacha kuja. Anatandika kanga, anaweka kitu, anakisogeza mbele ya bibi. Bibi anakigusa na kuonyesha kwa kidole upande wa kubaki au upande wa kutoka. Walifanya kazi namna hiyo majuma mengi, bila neno, kama mabubu wawili.

Devota, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye wazazi wake waliletwa na mkonge kutoka bara, aliyaona yote kupitia uani. Anasema wakati mwingine alikuwa anapitisha bakuli la uji ili tu apatikane mtu wa kusema asante humo ndani.

Kisha siku moja, katikati ya kazi, bibi akauliza yule aliyezikwa alikuwa mtu wa namna gani. Mwamvua hakujua. Akapanda baiskeli ya kukodi mpaka Pongwe, akaulizauliza, akarudi na kidogo alichokipata. Rama alikuwa mkata mkonge, kidole kimoja kilikuwa hakipo, alipenda kuimba akiwa peke yake, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Bibi akasema maneno ambayo Mwamvua anayarudia mpaka leo kama mtoto anayehifadhi sura ya Kurani.

"Yule sina ugomvi naye, na avae kwa heri. Ugomvi wangu ni na wewe. Nyumba yangu uliiharakisha. Sasa imalize polepole, na siku ikiisha, nitakupa radhi yangu."

Tangu hapo marahaba ilirudi. Kahawa haikurudi.

Mwamvua angeweza kuimaliza nyumba ile mapema zaidi. Devota anaamini kwamba wote wawili walikuwa wanavuta muda, kwa sababu mpango wa watoto ulikuwa nyumba ikiwa tupu mama ahamie Dar es Salaam. Bibi alikuwa anakumbuka ghafla kuna vikombe juu ya dari. Mwamvua naye alikuwa anatandika kanga imekunjwa nusu. Akiulizwa kuhusu hilo, Mwamvua anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hii, tabasamu lisilofika mbali.

"Nilitaka radhi, na nilitaka asiondoke," anasema. "Vyote viwili huwezi."

Masika yalimkuta Bi Hasina na kifua. Alilala Jumatatu, Alhamisi alasiri akawa hayupo. Kilichobaki nyumbani kilikuwa chumba hiki na vikorokoro vya uani. Sele alikimbia dukani kununua bafta, sanda kama ya mtu yeyote, haijaona Makka wala zamzam. Na Nasma akatoka nje akilia, akamwita Mwamvua ndani. Mama alikuwa ameacha wasia kwamba miongoni mwa watakaomwosha awemo yeye.

Wanawake wa mtaa walitazamana. Mwamvua akaingia, akakunja mikono ya gauni, akamwosha kwa taratibu, upande wa kulia kwanza. Anasema alimwomba pale pale, mdomo ukiwa karibu na sikio lake, kwamba bibi niwie radhi. Anasema maji yalikuwa ya vuguvugu na sikio lilikuwa baridi.

Baada ya mazishi watu wazima walijaribu kumtua mzigo. Nasma na Sele walimwambia kwamba wao kama warithi wamemsamehe, na Nasma akaongeza kwamba kosa lilikuwa lake zaidi. Shekhe wa msikiti alimwambia aombe dua, atoe sadaka kwa jina la marehemu, na Mungu anajua nia yake. Devota alimwambia waziwazi kwamba mtu mwenye kinyongo na wewe hakuachii mwili wake.

Mwamvua aliwashukuru wote. Hakushawishika.

"Aliipa mikono yangu kazi," anasema. "Radhi ni neno. Sikulisikia."

Ndiyo maana akawaomba watoto ufunguo, na wao, waliokuwa wanataka kumpa dalali akodi lori la kubeba vyote kwa siku moja, wakaona haya kumkatalia. Amekuja kila asubuhi kabla ya kwenda kwa wateja. Kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kushika, anafanya lile analoweza. Anakishika kitu, anataja kwa sauti kinakwenda wapi, anangoja kidogo, ndipo anakiweka kando. Masufuria yamekwenda kwa Devota. Cherehani moja iko madrasa, nyingine ameichukua Nasma, ambaye hajui kushona. Nguo zimetolewa sadaka, moja moja.

Leo meza ndogo ndiyo ya mwisho. Vifungo anavifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya fundi wa mtaa wa pili. Mkasi anautia kwenye mfuko wa vyuma chakavu, kisha anautoa, anautazama, anaurudisha. Chupa ya marashi anaitaja mara mbili, na mara zote mbili anangoja. Mwishowe anaitia kwenye takataka. Kanga yenyewe haijajaa hata robo.

Anafagia. Anaanza na kona ya nyuma, anapitia palipokuwa na kitanda, anatoka na vumbi mpaka kizingitini. Kisha anarudi ndani peke yake, anasimama katikati ya chumba ambacho hakina hata msumari, na anasikika akisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia na mteja yeyote.

"Bibi, nyumba imeisha."

Anasimama hapo kwa muda mrefu. Devota, aliyekuwa anaanua nguo ukuta wa pili, ameacha kuanua. Nje kengele ya baiskeli inalia, mtu anamwita mtoto, mihogo inakaangwa. 

Mwamvua anakung'uta kanga, anajifunga, anatoka. Kufuli linamsumbua tena, na hakuna anayekuja kumsaidia kwa sababu uso wake umelowa na watu wameona bora wamwache.

Keshokutwa anaanza nyumba nyingine, ya mzee mmoja karibu na barabara ya Pongwe, na ameshawaambia watoto wa mzee huyo kwamba kama baba hayupo, naye hayupo, hata wakate tiketi ngapi za basi. Ana mpango wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge kumsomea dua yule Rama, kwa kuwa hana mwingine. Na kila akipata fedha ya ziada ananunua bafta na kuipeleka msikitini, iwepo kwa atakayefika hana.

Anapoulizwa kama moyo wake sasa umetulia, anatikisa kichwa, anaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga ampelekee Sele.

"Yangu nimeimaliza," anasema. "Yake atanipa tukionana."