Kadi Nilizomnunulisha Baba Mdogo

Mie ni fundi kompyuta hapa Tegeta, na aibu hii nimejitafutia mwenyewe. Nilimshawishi baba mdogo, mwalimu mstaafu, atoe kiinua mgongo tununue kadi za picha za kompyuta, zile za wacheza gemu, zituchimbie sarafu za mtandaoni, yaani zipige hesabu mchana na usiku tulipwe kwa sarafu hizo. Nikaona wacheza gemu wanashangilia mtandaoni kwamba toleo jipya la kadi hizo limebadilishwa, nikadhani limeongezwa nguvu. Nikaagiza hilohilo bila kusoma zaidi.

Juzi niliziwasha sebuleni kwake, familia nzima ikitazama, najiita mtaalamu. Binti yake Neema, mpenzi wa gemu, akasoma boksi.

"Kaka, hizi kiwanda kimezipunguza nguvu makusudi zisichimbe sarafu, ili wachimbaji wasizimalize madukani. Ndiyo maana sie wacheza gemu tulishangilia."

Baba mdogo akaketi taratibu. "Kwa hiyo, mwanangu, kiinua mgongo changu ni cha kuchezea gemu?"