Mama Aliyekuja Chuoni Kuomba Damu

Juzi, kwenye chuo kimoja hapa Tabora, nilimkuta muuguzi anayekusanya damu amekaa peke yake chini ya turubai. Wanafunzi walimpita, macho kwenye simu.

Akaja mama mmoja kutoka Ulyankulu, kanga imelowa jasho. Binti yake alikuwa amejifungua, akatokwa damu nyingi.

"Wanangu, damu yangu wameikataa hospitalini, nina presha. Nisaidieni."

Kijana mmoja akasimama. "Shikamoo mama. Ni kundi gani?"

"Kundi silijui, baba. Najua ni mwanangu."

Kijana akakunja mkono wa shati, akakaa. Wenzake wakamfuata.

Muuguzi akashusha pumzi. "Mpaka mtu aje alie ndipo wakae."

Binti amepona. Ila wodini wapo pia wasio na mama wa kuja kutuomba.