Mlima wa Kadiri

Ukitaka kumwona Kadiri mchana, ilikuwa lazima uinue turubai. Lori lolote la kampuni lililorudi Gisenyi na turubai lililochanika lilimpa kazi ya kutwa, naye alijikunja chini yake akishona kwa sindano nene na uzi wa katani. Watu walipita hatua mbili kutoka kwake wasijue kwamba humo ndani kuna binadamu.

Tangu mkewe Zaina afariki, hali hiyo ilimfaa. Dawa za Zaina, na hata sanda aliyozikiwa, zilitoka kwa mkopo dukani kwa Mzee Amisi. Na mbele ya duka hilo ndipo palipokuwa na benchi ya wanaume wa mtaa wa Waswahili, wanywaji kahawa wa kila jioni. Kadiri alikuwa na mahali pake pale, mwishoni, karibu na mlango. Sasa alikuwa akipita nyuma ya nyumba.

"We Kadiri!" mmoja alimpigia kelele siku moja. "Unapitaka mu nyuma kama kuku ya wizi?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini Kadiri aliongeza mwendo. Mzee Amisi hakuwahi kumdai mbele za watu. Ila utakunywaje kahawa kwa mtu ambaye sanda ya mkeo bado ni mali yake?

Na ajabu ni kwamba pesa alikuwa nazo! Kila mwezi, miaka yote aliyofanya kazi, kampuni ilikata kidogo kwenye mshahara wake ikamwekea za uzeeni. Tatizo lilikuwa moja tu, uzee wenyewe haujafika. Mwaka huo wa 1958 akavua kofia, akaingia kwa karani Nsengiyumva.

"Ya uzee ni ya uzee," karani alimwambia. "Lakini, bon, iko njia moya. Mutu akiacha kazi, akirudi kwabo kulima, Bwana Mukubwa wa kampuni anamupatia yote. Kwenu ni mulima gani?"

Kadiri aliigeuza kofia mkononi. Babu yake aliletwa Gisenyi na misafara ya biashara. Baba yake alizaliwa mtaani, na yeye vilevile. Katika nchi ambayo kila mtu ana mlima wake wa asili, yeye hakuwa nao. Jina lililomjia ni la kwao Zaina.

"Kanama," akasema.

Aliona ni neno tu. Angechukua pesa, angelipa, kisha angetafuta kibarua kingine hapo hapo mjini, na jioni angekaa mahali pake.

Na kweli alilipa. Mzee Amisi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Imekwisha, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Kahawa ikaja, chungu, ya moto, na hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuwa amefika nusu ya kikombe lori la kampuni liliposimama mbele ya duka. Dereva Sibomana alitoa kichwa dirishani, akitabasamu kwa meno yote.

"Mzee Kadiri! Bwana Mukubwa anasema umetumika myaka mingi, hauwezi kurudi kwenu na miguu. Leta vyombo, ninakufikisha Kanama bure!"

Kama angesema ukweli, pesa zingerudishwa, na sanda ingekuwa deni upya. Kadiri aliinuka. Benchi nzima iliinuka naye. Walimbebea godoro, wakampandishia sufuria, wakamkumbatia. Yule wa kuku ya wizi alikuwa akifuta macho.

"Utusalimiye watu ya kwenu!"

Lori likapita Rugerero, likapanda mpaka Kanama. Mukandutiye, mamake Zaina, alitoka aliposikia honi. Alimtambua mkwewe, akajifunika uso kwa kitambaa na kumpa mgongo, kama heshima inavyotaka.

"Mume wa Mukagasana," alisema kwa Kinyarwanda. Ndilo jina alilompa bintiye; lile la Zaina hakuwahi kulikubali. "Umekuja kufanya nini?"

Sibomana alikuwa bado anashusha godoro, anasikia.

"Nimerudi nyumbani, mama."

Mama alingoja mpaka lori likaondoka. "Mvua inakuja," akasema. "Kibanda cha mbuzi ni kitupu."

Mama mkwe hali chakula na mkwewe. Maharage ya Kadiri yaliwekwa mlangoni, akayala peke yake. Jembe lilimtoa malengelenge mahali ambapo sindano haikuwahi kugusa.

Ijumaa alisikia honi aliyoijua, akashuka mbio hadi barabarani. Lori lilikuwa linateremka limejaa, na halikuweza kusimama pale.

"Wa benchi wanakusalimia!" Sibomana alipaza sauti. "Mahali yako, Amisi anaikatalia watu!"

Kadiri alipunga mkono. Turubai lilikuwa limechanika pembeni, linapigapiga kwa upepo. Tundu dogo bado, la kumaliza kabla ya adhuhuri. Alilifuata kwa macho mpaka kwenye kona.