Samli Kwenye Breki

Ulikuwa mwaka ule wa ugali wa mahindi ya njano, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, asubuhi mpaka jioni. Jana mjukuu wangu kafungua tairi hapa uani, vumbi la breki likanipanda puani, nikajiona tena kwenye usukani wa pikapu ya baba.

Breki zilikuwa zinalia. Baba mdogo alizoea kupaka samli kila kinacholia, bawaba za mlango, ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe. Basi akapaka na viatu vya breki. Gari likakataa kusimama, likaingia kwenye mihogo. Na kesho yake shangazi anaolewa Mwadui!

Baba akavua madramu ya breki, uani kote kukanuka samli iliyoungua. Akasugua kwa msasa na petroli, akabadilisha raba zilizovimba, akafunga. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, akanipandisha mimi kwenye usukani.

"Kanyaga breki," akasema akiwa chini ya gari. "Ukiachia kabla sijasema, upepo unarudi, na harusi tutaisikia kwa watu."

Nikateleza mbele mpaka makalio yakaning'inia, nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Gari zima lilikuwa chini ya nyayo zangu.

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Wewe, mtoto wa kike na usukani wapi na wapi? Shuka ukachote maji."

"Sishuki mpaka baba aseme achia."

"Umesemaje?" Mwiko ukapanda juu.

"Sishuki mpaka baba aseme achia."