Kiapo cha Mama Majani

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima ana maneno mengi kuliko chaki. Ametuagiza kila mmoja aandike habari za mtu anayemjua, mtu wa kawaida tu. Nikamwambia wangu hakuwa wa kawaida. Akasema niandike hivyo hivyo. Haya, naandika, ingawa herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Anayetaka zilizonyooka akasome za wengine.

Namwandika mdogo wangu wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yetu. Mtaani walimwita Mama Majani. Hakuzaa, ila kila asubuhi walimwona na mundu na gunia, anakata majani kando ya barabara. Yalikuwa ya sungura wa serikali. Alikuwa mlishaji katika maabara ya chanjo, lile jumba jeupe nyuma ya tangi la maji. Wasomi waliwachoma sungura sindano waone chanjo inafanyaje kazi. Mdogo wangu aliwalisha, akawasafishia vizimba, akawapa majina ya majirani. Mwenye nyumba wetu alikuwa dume nene linalonyang'anya wenzake chakula. Jioni akinisimulia vituko vya hilo dume tunacheka mpaka mwenye nyumba mwenyewe anagonga ukuta.

Tulipanga chumba kimoja, vitanda viwili na pazia katikati, kwa sababu alikuwa anakoroma. Yeye alisema ninayekoroma ni mimi. Kesi hiyo haikupata hakimu.

Ndipo serikali ikaja na mpango wake. Waziri alisema redioni kwamba tutajitengenezea chanjo wenyewe, hatutampigia mtu magoti, na kwamba siku hizi maradhi ni silaha, kwa hiyo maabara italindwa kama kambi. Mdogo wangu alisikiliza amesimama, kijiko mkononi, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa. Haukupita muda ukuta ukapandishwa, ukawekwa waya wa miiba, askari wakakaa getini. Majani yakaanza kuletwa na lori. Wafanyakazi wote, kuanzia mkurugenzi mpaka wafagiaji, walipangwa uani wakainua mkono wakala kiapo: cha ndani kisitoke nje.

Alirudi amejaa fahari.

"Dada, nimeapishwa na mkubwa wa makao makuu. Nimesimama bega kwa bega na madaktari."

"Vizuri. Mwenye nyumba hajambo?" Nilimaanisha lile dume la sungura.

"Hilo siwezi kulijibu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Vituko vikaisha. Nguo za kazi akawa anaziacha hukohuko. Nilichojua nilikijua kwa pua: zamani alinuka majani, sasa alinuka kitu kikali ambacho hata sabuni haikukiweza. Nikamwambia mle ndani wameletwa wanyama wengine. Akaniambia, "Dada, chumvi imezidi," na chakula hata hakuwa amekionja.

Kisha akaanguka. Kichwa kwanza, halafu homa, halafu shingo ikakaza kama mti. Nikamkodia gari, nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini mikono yake ilikuwa na adabu. Akakigeuza kidole gumba cha mdogo wangu, akakuta kidonda.

"Mama, umeng'atwa. Haya si meno ya sungura. Ni mnyama gani?"

Mdogo wangu akafumba macho. "Nimekula kiapo."

"Lakini mama, mimi pia ni wa serikali. Hata kitanda hiki ni cha serikali."

"Basi ulizaneni wenyewe kwa wenyewe."

Daktari akanitoa nje hadi ukumbini. Akaniambia kama ni nyani ana dawa ya kuanza nayo, kama ni panya ni nyingine, na kama ni popo, hapo akatikisa kichwa. Figo za mgonjwa zimechoka, akasema, akimpa zote kwa pamoja atammaliza yeye mwenyewe. Alikuwa amepiga simu maabara.

"Wamesemaje?"

"Kwamba hawana mfanyakazi kama huyo. Na nisipige tena."

Nikarudi kitandani. Nikamshika mkono nikamnong'oneza, "Usiseme kitu. Mimi nitataja wanyama, wewe nibonyeze tu vidole nikimfikia."

"Mkono ndio niliouinua, dada. Nao umeapa."

"Unataka kufa kwa ajili ya panya?"

"Hujui kama ni panya." Akatabasamu kidogo. Hata pale alikuwa ananishinda. Kisha akasema, "Aliyenifunga aje anifungue. Akija nitasema yote."

Basi nikaenda. Nilivaa kanga yangu mpya, wasinidhanie ombaomba. Askari wa getini alikuwa na umri wa wajukuu zangu, bunduki imemzidi urefu.

"Mwanangu, namtaka mkubwa aliyewaapisha wafanyakazi. Mdogo wangu, mlisha sungura, yuko mahututi."

"Bibi, hapa hakuna sungura."

"Na waliomo ndani ni nini?"

"Hapa hakuna kitu."

Kabla hajamaliza, lori likafika limejaa majani mabichi. Akalifungulia geti. Nikamtazama, naye akatazama viatu vyake.

"Majani haya ni ya nani, mwanangu?"

"Ya kupendezesha mazingira."

"Yamekatwa tayari?"

"Bibi, nenda nyumbani. Utanifukuzisha kazi."

Sikwenda. Nilikaa juu ya jiwe ng'ambo ya barabara, magari yakiingia na kutoka vioo vimepandishwa. Nilipoona gari la kikubwa nilisimama mbele yake. Likanizunguka kama linavyozunguka shimo. Jioni yule askari aliniletea maji kwenye kikombe chake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye hajui kilichomo. Nikamwamini. Lakini maji yake sikuyanywa.

Nikarudi hospitali, nikajaribu kudanganya.

"Nimeonana naye yule mkubwa. Amekufungua. Sema."

Mdogo wangu alikuwa anahema kwa shida. "Alivaa nini?"

"Sare. Yenye nyota."

"Yule havai sare, dada." Akanipapasa mkono kama ninayeumwa ni mimi. "Umechoka. Kalale."

Daktari alichagua dawa moja, kama mtu anayechagua njia gizani. Siku iliyofuata mdogo wangu akakata kauli, na jua halijazama akatutoka. Daktari alijifunika uso kwa koti lake. Sikumlaumu. Wote wawili tulikuwa tumesimama nje ya mlango uleule.

Sasa sikiliza hili. Maiti wakaichukua watu wa serikali, kwenye jeneza lililofungwa, wala sikuambiwa kaburi liko wapi. Kabla sijatandika mkeka wa msiba, walikuja watu wamefunikwa mpaka macho, wakapuliza dawa chumba kizima, wakachoma godoro lake, pazia, mpaka kile kijiko chake. Hawakumuuliza mtu kitanda chake ni kipi. Serikali isiyomjua ilijua kila kitu chake. Kitanda changu hawakukigusa.

Mmoja wao akaniambia na mimi niape.

"Inua mkono wa kulia, bibi."

"Una baridi yabisi. Haupandi."

"Inua wa kushoto."

"Huo ni pacha wake."

Wakatazamana, wakaondoka. Mwenye nyumba akasema nina bahati. Usiku hakuna anayekoroma siku hizi, kwa hiyo nadhani mkoromaji alikuwa ni mdogo wangu.

Mwalimu anasema mwisho lazima uwe na funzo. Mimi sina. Nina kazi ya kukupa wewe uliyesoma mpaka hapa, kwa kuwa mimi wamenikataza hata kukaa juu ya lile jiwe. Ukipita kwenye lile geti ukaona lori linaingia, simama, muulize askari kwa sauti: majani haya ni ya nani? Akikujibu, au akikunyamazia, njoo uniambie. Chumba cha mwisho, mlango wa kijani. Wala usiniletee pole, ninazo za kutosha.