Tende Kabla ya Adhana

Mume wa dada yangu ana maradhi yake: hawezi kuiona simu ya mtu imetulia. Akija kwetu Mtopanga, hata hajaitikiwa "Shikamoo mama" yake, mkono ushanyooshwa. "Hebu nione simu yako. Loo! Mpaka leo watumia hii? Ngoja nikuwekee kitu kizuri." Na atakuwekea, utake usitake. Dada yangu mwenyewe akawekewa programu ya kumkumbusha kunywa maji, kana kwamba mtu wa Mombasa kwenye joto la Machi ahitaji kukumbushwa kiu. Jirani yetu anayeuza mahamri na mbaazi akawekewa ya kumhesabia hatua, mama wa watu ambaye tangu alfajiri hajui kukaa. Mimi nikawekewa mchezo wa kupanga peremende: tatu za rangi moja zikikutana, zinapasuka. "Shemeji, utanishukuru," akaniambia, kifua mbele, utadhani ameniletea dawa.

Nilimcheka mbele za watu. Kisha nikaucheza. Nasema kweli yangu, niliudharau ule mchezo huku kidole kikiendelea kupanga.

Lakini kiburi chake chote alikiweka kwenye simu ya mama. Mama masikio yamechoka. Adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu haimfikii. Kwa miaka, kila Ramadhani, kazi yangu ilikuwa moja. Yeye hukaa chumbani kwake juu ya mswala, tende moja kwenye kisahani, na maji. Magharibi ikiadhiniwa mimi naacha karai, naingia, namgusa bega. Ananitazama na kuuliza, "Tayari?" Namwitikia kwa kichwa, naye anafungua, anaswali, ndipo anatoka kuja kukaa nasi jamvini.

Halafu sukari ikampanda, daktari akamkataza kufunga miaka mitatu. Alilisha masikini badala ya siku zake, lakini roho haikutulia. Kila tulipokaa kufuturu alisogea pembeni kama mgeni. Mwaka huu daktari alipomruhusu, alimtangazia kila mtu, hata wateja wa jirani waliokuja kununua mbaazi: "Mwaka huu naifunga yote, inshallah. Hainipiti hata moja." Sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile.

Mwezi wa Shaabani tulikwenda Lamu harusini, na huko huko bwana mtaalamu akampa mama simu mpya. Akamwekea programu ya nyakati za swala: ikifika Magharibi inawaka na kutetemeka mapajani, hata asiyesikia anajua. Kisha akazima ile sehemu inayoitambulisha simu ilipo. "Hii inakula chaji bure," akasema, na ule uso wake wa mwalimu mkuu. Akamgeukia mama na kumwambia kwa sauti kubwa, "Sasa mama humhitaji mtu!"

Wallahi, maneno hayo yalistahili kunikera. Mimi nilifurahi. Nilisema alhamdulillahi, sasa viazi vya karai havitaniungulia tena.

Basi Ramadhani ikaingia. Nikawa nakaanga, namaliza, na zile dakika chache nilizokuwa nikisikilizia adhana ili nimwendee mama, nakaa kwenye kibao cha jikoni na peremende zangu. Mama anatoka chumbani ameshafungua na kuswali, tunakula. Mambo sawasawa, ati.

Siku ya ishirini na nne tulikuwa na wageni, nikakosa sinia. Masinia makubwa hukaa chumbani kwa mama. Naingia, namkuta anajifunga mtandio aswali, na kwenye kisahani pana kokwa ya tende. Msikiti kimya. Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Mama akanitazama, akatabasamu, akauliza kama vyakula vimeshaiva. Ndipo adhana ikaanza.

Niliichukua simu mapajani mwake. Juu kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa Lamu. Tangu mwezi uanze mama yangu aliyeketi Mtopanga alikuwa akifungua kwa jua la Lamu, linalotua dakika nne tano kabla ya letu.

Nilimpigia mtaalamu simu hapo hapo. Hakuona haya. "Ah, shemeji, si dakika chache tu?" Dakika chache! Mtu aliyefunga kutwa na sukari yake mwilini unamwambia dakika chache! Nilimtukana matusi ambayo kwa Ramadhani sikustahili kuyatoa, na mengine nikayaweka akiba ya Idi.

Mama alipofahamu hakulia. Alikunja na kukunjua pembe ya mswala. Kesho yake tukamwita mwalimu wa madrasa, mzee mpole, akasikiliza mpaka mwisho. Akasikitika. Akasema, kwa anavyojua yeye, siku hizo ni za kulipa. Kisha akanipa swali nimfikishie mama sikioni: "Muulize, kila siku alikula mara tu simu ilipotetemeka?"

Nikamuuliza. Mama akafikiri.

"La," akasema. "Siku tatu za mwanzo sikula. Ilitetemeka, nikawa naangalia mlango. Nilisema labda atakuja mwenyewe aniguse bega, kama kawaida yake. Nikangoja mpaka nikachoka. Ya nne nikaona haji, nikala."

Mwalimu akauliza alingoja kiasi gani. Mama akasema muda mrefu, hata maji yakapata vuguvugu. "Basi hizo tatu zimesihi, hazina deni," akasema mwalimu. "Zilizobaki, mama, utalipa taratibu, Mungu akikupa afya."

Jioni ile mtaalamu akapiga simu ya mama, nikaipokea mimi. Sauti yake ilikuwa laini, amejaa msaada. Ati kuna programu nzuri sana ya kuhesabu siku za kulipa, aje amwekee mama? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimmalize. Kwa mkono wa pili nilikuwa nimeshika simu yangu mwenyewe, na peremende zilikuwa bado zinamemeteka pale nilipoziacha. Nikakata simu, maana kila tusi nililokuwa nalo lilinifaa mimi kwanza.