Kipunji na Baba Mkwe Barabara

Mti wangu mkubwa wa pale barabarani, mwanangu alitaka kuukata apande parachichi. Akiongea utadhani anahubiri: "Juba, mama yangu! Watu wote wana parachichi, sisi tuna nini? Kivuli!"

Lakini bwana misitu alishafunga kamba pale, toka mti wangu mpaka wa ng'ambo, kipunji, wale kima wa misitu yetu, wapite juu. Kundi la huku limebaki kwenye kichaka, ndugu zao wako mlimani, katikati barabara. Mwezi wa tatu huo, hajapita hata mmoja. Mwanangu akasema, "Wasipopita mpaka miche ije, naukata." Nikakubali, nifanyeje.

Bwana misitu anaongelea puani: "Bibi, bado tunafanya tathmini." Nami nikaongelea puani: "Hiyo tathmini inaliwa na maharage?" Akacheka mpaka kofia ikadondoka.

Nikawa namenya ndizi kibarazani, namwangalia kipunji mmoja, mama, mtoto kifuani. Anafika kwenye kamba, anachungulia, anarudi. Tena anarudi. Nikasema, gwe! Huyu namjua. Huyu ni mimi nilivyoolewa.

Zamani kwetu, mke hakutani na baba mkwe. Nikisikia anakohoa njiani, mimi na ndoo yangu ndani ya migomba. Mahali peupe sipiti, hata nimebanwa vipi.

Nikamwita bwana misitu. "Kamba yako iko uchi. Barabara ndiyo baba mkwe. Mfunikie huyo mama."

Akakuna kichwa, lakini akapanda. Tukavingirisha matawi na majani kamba nzima. Mwanangu kashika ngazi, ananung'unika: "Sasa tunawavalisha kima vitenge!"

"Shika ngazi wewe."

Miche ikaja, na yeye akaja na shoka. Ndipo tukasikia juu: hong'! hong'! Nikaitikia, hong'! Mama akachungulia, akazama kwenye majani na mtoto wake, akapita mbio, uso kaugeuza asiione barabara. Kama mimi na ndoo yangu! Wengine nyuma yake. Nikapiga vigelegele mpaka bodaboda ikasimama.

Mwanangu shoka chini, mdomo wazi. "Juba, wamepita."

Miche tukaipanda nyuma ya jiko. Siku hizi wageni wakija, yeye ndiye anawapeleka, kifua mbele: "Hii ya majani tulibuni sisi." Sisi! Mshika ngazi.